Mpaka uliomzuia mgeni wa Kigoma haukuwa wetu

Tarehe 18 Mei 2020 Tanzania iliruhusu tena ndege za kimataifa za abiria na kuondoa karantini ya lazima ya siku 14 iliyowekwa mwishoni mwa Machi kwa sababu ya Uviko-19. Ndege zilikuwa zimesitishwa tangu katikati ya Aprili, kwa hiyo mlango wetu wa angani ulifungwa wiki tano hivi, basi. Ni nchi chache zilizofungua mapema kiasi hicho. Hata hivyo watalii wa kimataifa walioingia nchini, ambao mwaka 2019 walikuwa 1,527,230, walishuka hadi 620,867 mwaka 2020. Mwaka 2021 walifika 922,692, na idadi ya 2019 haikupitwa mpaka 2023.

Hapa Kigoma maelezo ya kawaida ya kipindi kile ni kwamba wageni waliogopa ugonjwa. Wapo walioogopa kweli. Lakini hofu peke yake haielezi kwa nini Mwingereza alitoweka wakati watu wa mataifa mengine wanaendelea kushuka Zanzibar. Kinachoeleza ni masharti ya kwao. Mgeni alishajua Tanzania inaingilika. Swali lake lilikuwa atarudije nyumbani, siku gani, na kwa shilingi ngapi. Anayepanga safari za magharibi, kwa maana ya hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale, na mji wa Ujiji, analazimika kuanza na swali hilo, kwa sababu huku ni mwisho wa reli na kila sharti la saa linamuuma wa mbali kabla ya wa karibu.

Saa 72 zinavyohesabika ukiwa Mahale

Tuanze na Uingereza. Kuanzia 22 Januari 2021 nchi hiyo ilimzuia kuingia mtu yeyote aliyekuwa Tanzania ndani ya siku 10 zilizotangulia, isipokuwa raia wake na wakazi wake. Kuanzia 15 Februari hao walioruhusiwa, wakifikia England, walitakiwa kukaa karantini ya hotelini kwa pauni 1,750 mtu mzima mmoja. Mwezi Agosti bei ikapanda hadi pauni 2,285. Tanzania ilitoka kwenye orodha nyekundu, yaani ya nchi zilizowekewa masharti hayo, tarehe 11 Oktoba 2021. Weka gharama hiyo kando ya ada ya kuingia Gombe, ambayo kwa mgeni asiye mkazi ni dola 100 kwa siku bila kodi, utaona kuwa kupunguza bei huku Kigoma kusingembadilisha mawazo hata mgeni mmoja. Waliopunguza bei mwaka ule walijiumiza bure.

Kuna kufuli jingine ambalo wengi hawalioni, nalo ni bima. Serikali ya nchi ya mgeni inapotoa tahadhari ya kutosafiri isipokuwa kwa jambo la lazima, bima nyingi za safari zinaacha kufanya kazi. Mgeni anaweza kuwa na tiketi, nia na fedha, lakini akivunjika mguu kwenye miteremko ya Mahale hakuna wa kulipia ndege ya kumtoa. Kwa Serengeti anaweza kujipa moyo. Kwa mahali pasipo barabara, ambapo hata msaada unakuja kwa boti, hawezi. Ndiyo maana mtu yuleyule alifuta safari ya magharibi na kubaki na ya kaskazini.

Kisha kuna vipimo. Mei 2021 Tanzania yenyewe ilianza kudai cheti cha PCR, yaani kipimo cha maabara cha Uviko-19, kisichozidi saa 72, fomu ya afya ijazwe mtandaoni kabla ya kufika, na kipimo cha haraka uwanjani kwa gharama ya msafiri. Hayo yalikuwa mepesi, kwa sababu mgeni aliyafanya akiwa kwao. Ugumu ulikuwa kwenye cheti cha kurudia. PCR inahitaji maabara, na maabara ziko kwenye miji mikubwa. Hesabu ilikwenda hivi:

Ndege ndogo za kutoka Arusha kwenda Mahale kupitia Katavi kwa desturi huruka mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Mgeni anayetoka Mahale Alhamisi anafika Arusha jioni. Anachukuliwa sampuli Ijumaa asubuhi, saa tatu. Majibu, mambo yakienda vizuri, ni Jumamosi mchana. Kama sharti linasema saa 72 mpaka ndege inapoondoka, cheti kinakufa Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa hiyo ana karibu siku mbili za kuondokea. Kama sharti linahesabu mpaka anapotua nchini kwake, na safari yake na kusubiri njiani ni saa 20, basi dirisha lake linafungwa Jumapili saa saba mchana. Majibu yakichelewa nusu siku, dirisha linabaki nusu siku tu. Akipita Doha, Dubai au Addis Ababa lazima atazame pia masharti ya mahali anapobadilisha ndege, na si mara zote yanalingana na ya mwisho wa safari.

Marekani ilikuwa na hesabu yake. Kuanzia 26 Januari 2021 ilitaka kipimo cha ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka, na ilikubali hata kipimo cha haraka cha antijeni. Hizo zilikuwa siku za kalenda, si saa, na tofauti hiyo iliwaokoa wengi: kipimo cha saa mbili asubuhi na cha saa kumi na mbili jioni vilikuwa sawa. Tarehe 6 Desemba 2021 siku 3 zikawa siku 1. Hapo Mmarekani hakuweza tena kuiweka Kigoma mwishoni mwa safari yake, labda awe tayari kulala usiku mmoja au miwili Dar es Salaam bila shughuli. Sharti hilo liliondolewa 12 Juni 2022.

Kinachoharibika mara nyingi ni vitu vidogo. Jina kwenye cheti halifanani na la pasipoti, hasa la pili linaloachwa. Namba ya pasipoti imekosewa tarakimu moja. Saa ya kuchukua sampuli haikuandikwa, imeandikwa ya majibu tu, na wakala wa ndege kaunta anakataa. Cheti kiko kwenye simu iliyoisha chaji. Kwa hiyo mgeni akabidhiwe nakala mbili za karatasi, na jina lisomwe herufi kwa herufi mbele yake kabla hajaondoka kituoni.

Kanuni ninayoisimamia ni moja: baada ya sampuli kuchukuliwa, hakuna treni na hakuna ziwa. Treni ya Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 na karibu siku mbili, na ikichelewa inachelewa kwa saa nyingi. Ziwa nalo lina tabia yake. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini hulichafua, na boti ya Mahale, mwendo wa kilomita 120 hivi, inaweza kushindwa kutoka siku nzima.

Mgeni alivyobadilika

Kutokana na hesabu hizo, safari ziligeuzwa. Zamani magharibi iliwekwa mwishoni, kama hitimisho la safari ndefu baada ya Serengeti na Ngorongoro. Masharti ya kurudi yalipoingia, ilibidi iende mwanzoni au ifutwe, na mwisho wa safari ukawa mahali penye ufukwe, maabara na uwanja wa ndege wa kimataifa, yaani Zanzibar. Nashauri mpangilio huo ubaki hata sasa. Mgeni akianza na sokwe, anafika akiwa na afya na hajakaa bado na watu wa mahoteli mengi. Na boti ikichelewa, bado ana siku mbele yake za kufidia.

Safari za nchi nyingi zilikufa kabla ya zote. Aliyekuwa akipita Rwanda, Burundi, Kigoma, kisha kusini hadi Mpulungu nchini Zambia alihitaji cheti kipya kwa kila mpaka, na kila cheti ni fedha na siku za kungoja. Msafiri wa mkoba mgongoni, ambaye analala gesti, anapanda boti za abiria za Kibirizi na anakula mgebuka sokoni, ndiye aliyepotea kabisa. Aliyebaki ni mwenye uwezo wa kununua siku za ziada. Tukubali kwamba hilo lilihamisha fedha kutoka kwa mama lishe na kijana wa boti kwenda kwa wachache, hata pale idadi ya wageni ilipoanza kupanda.

Walianza pia kuamua kwa kuchelewa. Mtu aliyekuwa akihifadhi nafasi miezi minane kabla alianza kuuliza wiki tatu kabla, kwa sababu masharti ya miezi minane hayakuwa na maana tena. Na walikataa kuchanganywa na wasiowafahamu. Hili la pili lina hesabu ngumu kwa wenye boti. Tuseme boti ya kukodi ni shilingi 600,000 kwenda na kurudi. Watu sita wakichangia ni 100,000 kila mmoja. Wawili wakitaka waende peke yao ni 300,000 kila mmoja, na mafuta ni yaleyale. Ukitangaza bei ya kichwa kwa mahesabu ya watu sita, wakaja wawili, utakula hasara au utawaambia bei mpya wakiwa wameshafika. Tangaza bei ya boti nzima, kisha onyesha kila mtu atalipa ngapi wakiwa wawili, wanne au sita.

Majirani wa ziwa

Nikisema mgeni, wengi wanamwazia Mzungu mwenye kamera. Katika takwimu za utalii, Mrundi anayelala siku mbili mjini kwa ajili ya biashara, matibabu au harusi ni mgeni wa kimataifa kama wengine, na kwa miaka ya karibuni Burundi imekuwa miongoni mwa nchi zinazoleta watu wengi zaidi Tanzania. Ziwa Tanganyika tunaligawana nchi nne. Kwa gesti nyingi za Kigoma na Ujiji, miji ya Congo na Burundi kama Kalemie, Uvira na Bujumbura ina uzito kuliko London.

Congo ilifunga mipaka yake Machi 2020 na kuifungua 15 Agosti mwaka huohuo. Burundi ilifunga Machi 2020, na tarehe 11 Januari 2021 ikafunga tena mipaka ya nchi kavu na ya majini, huku shehena zikiruhusiwa. Angalia matokeo ya ruhusa hiyo ya shehena: mzigo unavuka, mwenye mzigo anabaki. Biashara inaendelea kwa simu, fedha zinakwenda kwa mtandao, wafanyakazi wa chombo wanalala chomboni, na chumba cha gesti kinakaa kitupu ingawa bandari inafanya kazi. Mwenye gesti anayepima hali ya soko kwa kutazama magari ya mizigo barabara ya Manyovu, iendayo Burundi, atadanganyika.

Tabia ya mgeni huyu ni tofauti na ya mtalii wa mbali. Hafuti safari, anasubiri. Hakuhifadhi nafasi, kwa hiyo hana cha kurudishiwa. Mpaka ukifunguliwa leo, kesho yuko mlangoni. Anachohitaji ni habari sahihi ya kilichofunguliwa: abiria au mizigo, barabara au ziwa, saa ngapi mpaka saa ngapi. Mwenye gesti mwenye namba za wateja wake na anayewatumia ujumbe mfupi siku hiyohiyo, kwa Kiswahili na Kifaransa, hujaza vyumba kabla ya jirani yake. Awakumbushe na kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na aliyechoma jana ili avuke leo anaweza kurudishwa mpakani akiwa na kadi mkononi.

Kuna jambo la afya hapa ambalo halipaswi kupuuzwa. Ukifunga bandari rasmi, mialo, yaani fukwe za kushukia boti, haifungiki. Pwani ya ziwa ni ndefu, na mtu mwenye ndugu ng'ambo anajua mwalo wa kushukia usiku. Pale bandarini angepimwa joto na kuandikwa jina, mwaloni hapimwi. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga na kipindupindu kikaingia, tuliona jinsi kijiji kimoja cha pwani kisicho na barabara kinavyozidiwa haraka. Kwa mkoa wetu, kituo cha kuvukia kilicho wazi chenye mpimaji, maji na sabuni ni kinga bora kuliko geti lenye kufuli. Huo ni msimamo wangu na sioni dalili ya kuubadilisha.

Sokwe hawana mpaka wa kujifungia

Masharti ya mipakani yaliwekwa kumlinda binadamu na binadamu mwenzake. Gombe na Mahale zina kiumbe wa tatu. Sokwe hushika magonjwa yetu ya njia ya hewa kwa urahisi, na mafua yanayompita mtu kwa siku nne yanaweza kumuua. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa ulipita katika kundi la Mahale na kuua kadhaa, na ndiyo sababu huko barakoa zilivaliwa miaka mingi kabla dunia haijasikia Uviko-19. Mgeni aliyeona barakoa ya Mahale kama mabaki ya janga ambayo yangefaa yaondolewe, alieleweshwa vibaya na aliyempokea.

Hapa ndipo tabia mpya ya mgeni inapokuwa hatari. Mtu aliyelipa ghali, akapima mara mbili, akabadilisha tarehe mara tatu, hatakubali kirahisi kubaki kambini kwa sababu ya kikohozi. Atakunywa dawa ya kukausha mafua na kunyamaza. Kadiri masharti ya mipakani yanavyomgharimu, ndivyo anavyopata sababu ya kuficha dalili mbele ya sokwe. Cheti cha saa 72 hakikumzuia, kwa sababu kilionyesha hali ya siku ya sampuli na virusi vya aina moja tu. Mafua ya kawaida hakikuyaona.

Dawa yake iko kwenye mkataba. Andika wazi, kabla hajalipa, kwamba mwenye kikohozi, homa, mafua, kuharisha au vipele hatapanda mlimani, na kwamba akisema ukweli atarudishiwa sehemu ya malipo au atapewa siku nyingine. Usiiache sehemu hiyo ikiwa ndogo. Kama anarudishiwa asilimia kumi, atakohoa kimya kimya. Mimi napendekeza arudishiwe yote ambayo bado hujaitoa mfukoni: siku ya mwongoza njia, chakula, boti ya siku hiyo kama haijatoka. Na umpe kazi ya kufanya: makumbusho ya Ujiji ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, ufukwe wa Jakobsen, au mitumbwi ya dagaa inapowasha taa jioni. Mgeni aliyepewa kitu mkononi hasemi uongo.

Ulizia dalili mara mbili. Ya kwanza jioni kabla ya kupanda, kila mtu peke yake na si mbele ya kundi, maana mbele ya wenzake hakuna anayekubali kuwa yeye ndiye wa kuwaharibia. Ya pili asubuhi, kwa kipimajoto. Barakoa ziwe za upasuaji, na zihesabiwe mbili kwa kila mtu, kwa sababu kupanda milima kunaleta jasho na barakoa iliyolowa haichuji. Ya kwanza ivaliwe baada ya kupanda, karibu na sokwe walipo, ya pili ikae mfukoni ndani ya mfuko mkavu. Umbali ni mita 10. Kundi lisizidi watu sita, muda ni saa moja. Sokwe akisogea, watu ndio warudi nyuma. Mate yasitemwe, chakula kisifunguliwe, na choo kifanyike kabla ya kuondoka. Barakoa zilizotumika zihesabiwe mlimani na zihesabiwe tena kambini, kwa sababu iliyodondoka njiani itaokotwa na sokwe mtoto.

Fedha na maneno ya mkataba

Mgeni anayeamua wiki tatu kabla hakubali tena mkataba wa kulipa yote siku 60 kabla. Wala mwenye kambi hawezi kuishi kwa ahadi. Mpangilio unaofanya kazi ni kianzio kidogo, asilimia 20 hivi, kisichorudishwa lakini kinachohamishika tarehe ndani ya miezi 18. Salio lilipwe siku 14 kabla. Ada za hifadhi zilipwe mwisho kabisa, mgeni akiwa ameshatua nchini, ili zisikwame kwenye safari iliyofutwa.

Neno "dharura" lisiachwe likielea kwenye mkataba. Taja matukio yanayompa mgeni haki ya kuhamisha tarehe: nchi yake imezuia kurudi kutoka Tanzania, imeweka karantini ya kulipia, serikali yake imetoa tahadhari inayofuta bima, au amepimwa na kukutwa na ugonjwa. Taja pia yasiyompa haki hiyo, kama vile kughairi kwa sababu ya habari za gazetini. Ugomvi mwingi wa mwaka 2020 ulizuka kwa sababu pande zote mbili zilitumia neno moja kwa maana mbili, na kila mmoja aliamini ana haki.

Na kila ujumbe unaoeleza masharti ya kuingia au kurudi uwe na tarehe ya kuhakikiwa juu yake, pamoja na mahali yaliposomwa: wizara ya afya, ubalozi, au shirika la ndege atakalopanda. Picha ya tangazo iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp isitumwe kwa mgeni hata kama inaonekana rasmi. Hakiki tena siku saba kabla hajaruka na siku mbili kabla hajaruka, mtumie yaliyobadilika, na kama hakuna kilichobadilika mwambie hivyo pia.